Mwenzetu Kwanza, Hoja Baadaye

Chuo kikuu ni kijiji cha ajabu. Kila mwaka sehemu kubwa ya wakazi wake wanahama na hawarudi, na wengine wapya wanaingia na mabegi, magodoro na barua za udahili. Ndani ya miaka mitatu au minne kijiji kizima kimeondoka. Hebu chukua kijiji chochote cha Ukerewe ukifanyie hivyo: kila baada ya miaka mitatu watu wote wapande kivuko waende zao, waje wengine. Nani atawaambia wageni kisima kiko wapi, jiwe lipi lina utelezi, na mtu gani asikopeshwe? Labda mbuzi.

Ndiyo hali ya vyuoni. Wahadhiri wanabaki, walinzi wanabaki, mama lishe wanabaki. Wanafunzi, ambao ndio waliofanya mambo yenyewe, wanapita kama abiria. Kwa hiyo bumu likichelewa na watu wakaanza kukusanyika kwenye vimbweta, kila mmoja anaongea kana kwamba jambo hili limeanza jana. Hana habari kwamba mwaka 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma vilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao kwa mgomo wa mikopo, miaka minne tu tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ipitishwe. Hajui waliomtangulia walidai nini, walipata nini, walikosea wapi. Anaanza moja. Na anayeanza moja kila siku hafiki kumi.

Basi watu wenye nia njema wanasema: tuwe na kumbukizi. Tuwakumbuke wanafunzi waliosimama zamani, tujenge umoja chuoni. Mimi naunga mkono. Lakini kabla hatujachapisha fulana na kukodi spika, kuna swali moja ambalo huwa tunaliruka. Tunamkumbuka mwanafunzi aliyeandamana kwa sababu alikuwa na haki, au kwa sababu alikuwa mwenzetu?

Maswali haya mawili yanafanana, lakini majibu yake yanatupeleka njia tofauti kabisa.

Tuanze na tukio gumu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti yenyewe yalikuwa miaka miwili ya utumishi, na kwa miezi 18 kati ya hiyo msomi angefanya kazi yake huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Katika mabango yao lilikuwemo lililosema kwamba wakati wa ukoloni mambo yalikuwa afadhali. Fikiria: nchi ina miaka mitano tangu uhuru, halafu vijana waliosomeshwa kwa kodi ya nchi hiyo wanamwambia Mwalimu Nyerere mlangoni pake kwamba mkoloni alikuwa bora. Mwalimu alikasirika. Alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuo siku hiyo hiyo. Miezi isiyozidi minne baadaye likaja Azimio la Arusha.

Sasa jiulize hela iliyokuwa inawasomesha ilitoka wapi. Sehemu yake nzuri ilitoka huku kwetu, kwenye pamba ya Kwimba, Magu na Shinyanga. Mkulima aliyepalilia kwa jembe la mkono, akabeba mzigo mpaka kwenye ghala la ushirika, ndiye aliyekuwa analipia chakula na kitanda cha msomi. Mkulima huyo hakuwahi kuulizwa kama asilimia 40 ya mshahara wa afisa inamtosha mtu kuishi. Yeye angeipokea kwa mikono miwili.

Kwa kipimo cha haki, basi, vijana wa 1966 wana kesi dhaifu. Walikuwa na hoja, ndiyo. Hata leo unaweza kusema kwamba kumlazimisha mtu bila kumsikiliza si vizuri, na kufukuza mamia ya vijana kwa saa chache ni hasira zaidi kuliko hukumu. Lakini kiini cha madai yao kilikuwa mfuko wao. Ukisema tunawakumbuka wenye haki peke yao, hawa unawaacha nje ya mlango.

Nenda sasa Machi 5, 1978. Serikali ilikuwa imeongeza marupurupu ya mawaziri na wabunge. Safari hii wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga maslahi ya wakubwa, wakiwakumbusha viongozi Azimio lao wenyewe. Yaani mambo yaligeuka: miaka 12 nyuma kiongozi alijikata mshahara kuwafundisha wanafunzi, sasa wanafunzi ndio wanawafundisha viongozi. Malipo yakawa yale yale. Polisi waliwazuia, mamia wakafukuzwa, na baadaye wengi wakarudishwa. Jumuiya yao, DUSO, ikavunjwa, na mahali pake pakaja MUWATA, chombo kilichofungwa kwenye mkia wa chama tawala.

Hawa wa 1978 ni rahisi kuwapenda. Kila anayetaka kuandaa kumbukizi atawachagua wao, na hapo ndipo ninapoona hatari.

Tukikumbuka walio safi tu, tunamfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba ili usimame kudai kitu ni lazima kwanza uwe safi. Naye anajijua. Anajua kwamba anapolalamikia mkopo, nusu ni haki na nusu ni njaa yake mwenyewe. Anajua kwamba hoja zake hazijakomaa, Kiingereza chake kinayumba, na juzi alikopi desa la mtu. Kwa hiyo ananyamaza. Anasubiri shujaa. Na shujaa haji, maana hata wale mashujaa wa zamani hawakuwa mashujaa asubuhi ya siku yenyewe. Walikuwa vijana wenye njaa kiasi, hasira kiasi, na ukweli kiasi. Kumbukizi inayoficha mchanganyiko huo inazaa ukimya, hata kama inapigiwa makofi.

Kuna tukio la tatu ambalo kwangu linaonyesha njia. Julai 1971 rais wa DUSO alikuwa Symonds Akivaga, Mkenya. Baada ya mvutano na uongozi wa chuo na barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, polisi wenye silaha walifika chuoni wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi waliinuka. Hebu ona: wengi wao walikuwa Watanzania, yeye alikuwa mgeni. Bila shaka wapo waliodhani barua yake ilikuwa kali mno. Lakini alipochukuliwa mbele yao hawakukaa kwanza kusahihisha barua. Walisema huyu ni mwenzetu, rudisheni mwenzetu, halafu tutajadiliana.

Huo ndio mpangilio ninaoutetea. Mwenzetu kwanza, hoja baadaye.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la maana. Mtu atasema: ukishamweka mwenzako mbele ya haki, umefungua mlango wa ukabila, wa chama, wa "huyu ni wetu hata akiiba". Kweli, nchi hii tumeona uovu mwingi ukifichwa nyuma ya neno "mwenzetu". Jibu langu ni kwamba baadaye haina maana ya kamwe. Hoja ina zamu yake na lazima ifike. Anayetetewa kama mwenzetu asubuhi anaweza kuambiwa jioni, mbele ya wote, kwamba alikosea. Tena ni rahisi zaidi kumwambia, kwa sababu anajua unayemsahihisha hujamwacha. Genge la walafi humtetea mtu ili asihojiwe. Jumuiya humtetea ili awepo wa kuhojiwa, maana aliyefukuzwa, aliyepotezwa au aliyekufa huwezi kujadiliana naye chochote.

Watu wa Mwanza hawahitaji falsafa kutoka mbali kuelewa hili. Kila Mei 21 watu hukusanyika Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba mwaka 1996. Meli ile ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Igoma wamelala hata ambao hawakutambuliwa. Hakuna anayeuliza pale kama marehemu huyu alikuwa mtu mwema, kama alilipa nauli, kama alipanda kihalali au alijipenyeza. Wanakumbukwa kwa sababu walikuwa watu wetu na walikuwa njiani. Lakini angalia, kumbukizi ile haikufuta hoja. Watu wanasali na papo hapo wanauliza: meli ilibeba watu wangapi kupita uwezo wake? Nani aliiruhusu iondoke? Na Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka jirani na Ukara, maswali yale ya Igoma yaliamka yenyewe, maana kuna mahali yalikuwa yametunzwa. Wanaolia pamoja ndio waliobaki na nguvu ya kuuliza pamoja.

Mwaka huo huo wa 2018, Februari 16, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakitawanya waandamanaji wa chama cha upinzani. Hakuwa anaandamana. Alikuwa abiria. Sasa tumweke wapi? Kwa kipimo cha "tunawakumbuka waliopigania haki", hana nafasi, maana hakupigania kitu siku ile. Alikuwa na safari zake. Kwa kipimo cha mwenzetu, jina lake lingetajwa la kwanza. Nadhani wanafunzi wengi walilijua hilo bila kufundishwa. Walioguswa na kifo chake hawakuuliza kadi ya chama.

Basi swali linahamia kwingine: huyo mwenzetu ni nani hasa, na duara lake linaishia wapi?

Hapa nina ugomvi kidogo na historia ya wanafunzi wetu, pamoja na ile ninayoipenda. Kosa kubwa la 1966 kwangu halikuwa kudai. Walidai peke yao. Walimsahau mkulima wa Kwimba. Ndani ya miaka miwili hivi wadogo zao waliliona kosa hilo. Chuoni kulikuwa na desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi wanavaa matambara, wanazunguka mjini wakichangisha fedha za maskini. Novemba 1968 vijana wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, waliizuia sherehe hiyo. Walisema huwezi kuvaa umaskini wa mtu kama vazi la mzaha halafu ukamtupia sarafu. Wao wakachagua kwenda vijijini kushika jembe. Jarida lao, Cheche, lilipigwa marufuku pamoja na umoja wenyewe mwaka 1970, na kama si Karim Hirji na wenzake kukusanya kumbukumbu zao katika kitabu kilichotoka miaka 40 baadaye, wengi wetu tusingejua hata jina. Kitabu chenyewe kiko kwa Kiingereza, lakini hilo ni deni la siku nyingine.

Kabla ya wote hao, Kanda ya Ziwa ilishaonyesha jinsi duara linavyopanuka. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita waliandamana mpaka Mwanza mjini kupinga baraza jipya la wilaya ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa inawapachikia. Wakapigwa mabomu ya machozi. Hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wakulima na wanachama wa ushirika, na TANU ilikuwa imefungiwa Usukumani kwa miaka kadhaa. Lakini walikuja wengi, kwa sababu jambo lilikuwa la wote na kila mmoja aliliona kwenye shamba lake.

Mwanafunzi wa Mwanza anaweza kuniambia: hayo ya Mlimani ni ya Dar, sisi chuo chetu ni cha juzi. Kweli, SAUT pale Malimbe imekuwa chuo kikuu mwaka 1998, ingawa mizizi yake ni taasisi ya Nyegezi aliyoianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960. Lakini kumbukumbu hairithiwi kwa kulala bweni lile lile. Na wewe wa Malimbe una kitu ambacho wa Mlimani hana karibu hivyo: unaishi mtaani. Umepanga chumba Nyegezi, Malimbe au Luchelele, ukuta mmoja na mvuvi, choo kimoja na familia yenye watoto wanne. Chakula chako kiko kwa mama lishe, na jina lako limo kwenye daftari lake.

Daftari hilo ndilo ningependa lisomwe siku ya kumbukizi. Bumu likichelewa wiki sita, anayewalisha wanafunzi wiki sita ni nani? Ni yule mama anayekopa dagaa na unga ili awakopeshe wali na maharage. Chuo kikifungwa kwa mgomo, wanafunzi wanapanda basi wanarudi kwao, na madeni yanabaki kwenye daftari. Katika kila mgomo yeye ni mshiriki, ila jina lake halimo kwenye orodha ya mashujaa wala kwenye orodha ya waliofukuzwa. Kama mshikamano wetu unaishia kwenye geti la chuo, basi tumerudi 1966 na bango letu mkononi.

Wasukuma walikuwa na namna yao ya kufundisha vijana jambo hili. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mtu akihitaji kulimiwa, kiongozi anaita, vijana wanakuja na majembe, ngoma inapigwa, wanalima kwa wimbo mpaka shamba linaisha, halafu wanakula. Asiyefika bila sababu anatozwa faini. Ninachokipenda hapo ni kwamba hakuna aliyeulizwa kama mwenye shamba ni mtu mzuri. Ni mwenzetu, shamba lake ni zamu yake. Ugomvi naye, kama upo, una siku yake. Na nyimbo zile za kazini ndizo zilizobeba majina ya waliotangulia: mtoto alijifunza nani alikuwa nani akiwa ameshika mpini. Kumbukumbu na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Ndiyo maana siamini sana katika kumbukizi ya hotuba. Hotuba tumezizoea. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, anasema vijana ni taifa la kesho, anakata keki, picha zinapigwa, basi. Wakubwa wanaoogopa kwamba kumbukizi itachochea fujo wangejua jinsi hotuba zinavyolaza watu wasingekuwa na wasiwasi. Lakini naielewa hofu yao, na naijibu hivi: fujo mara nyingi hufanywa na watu wasiojuana. Wanafunzi wanaojua historia yao wanajua pia mgomo upi ulivunjika kwa sababu ya mawe, na upi ulipoteza kila kitu kwa sababu ya kukosa msemaji. Anayejua bei hakurupuki kununua.

Ningefanyaje mimi? Ningechagua siku moja, hata Oktoba 22 yenyewe, kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku yenye aibu na ushujaa pamoja. Wa mwaka wa tatu wawasimulie wa mwaka wa kwanza kwa mdomo: 1966, 1971, 1978, 2008, na yaliyotokea chuoni hapo hapo, mazuri na mabaya. Pande zote mbili zisemwe, na anayetaka kumtetea Mwalimu dhidi ya wanafunzi apewe nafasi. Kikapu kipite, lakini kisiwe kikapu cha matambara. Kiwe mfuko wa chuo wa mwaka mzima, kwa mwenzetu aliyefiwa, aliyekwama ada, aliyelazwa Bugando hana wa kumpelekea uji. Anayechangia leo kesho ni zamu yake, na asiyechangia bila sababu aulizwe, kama walivyoulizwa vijana wa nsumba ntale.

Na mwisho wa siku wapite mtaani kulipa madaftari. Kila mmoja alipe lake, na madeni ya waliomaliza wakaondoka bila kulipa yalipwe na waliobaki. Watu watalalamika, najua: kwa nini nilipe wali alioula mtu nisiyemjua, aliyemaliza miaka miwili iliyopita? Swali zuri. Nadhani saa hiyo, mtu akiwa na noti mkononi na moyo hautaki, ndipo ataanza kuelewa tulikuwa tunakumbuka nini.